Miguu ya E

Leseni imekufa Jumatano, mie sikuisikia.
Aliyeiona maiti ni askari wa Mtambile:
akaigeuza, akaigeuza tena,
akanirudishia kwa ncha za vidole.
"Mzee Kombo, nenda Chake ukaihuishe.
Leo sijakuona."

Nikaenda, na shati la Idi,
na mkebe wa Kimbo alionipa Mize alfajiri,
ndani leseni zangu zote tangu ile ya kitabu:
Kombo wa nywele, Kombo wa sharubu,
Kombo aliyeikasirikia kamera,
kila mmoja ana saruji ya Mkoani kwenye nyusi.

Dirisha la kwanza, fomu.
La pili, namba ya malipo: kalipe, urudi.
La tatu limefungwa, mwenyewe kenda kuswali.
Nasi tukaswali, tukarudi. Yeye bado.

Kisha chumba cha macho. Hapa nilijiandaa.
Ule ubao nimeuhifadhi miaka mitatu,
kwa kuyumba mbele na nyuma kama tulivyozoea chuoni:
E. F na P. T, O, Z.
Ningeusoma nimeupa mgongo.
Na ukweli, yakhe,
mara iliyopita ndivyo nilivyousoma.

Bi Zuwena, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho,
akasema ule ubao umeliwa na mchwa.
Akatundika mwengine.
Hauna F, hauna P. E tupu!
E iliyosimama, E iliyogeuka nyuma,
E iliyopinduka mtaroni, magurudumu juu.
"Nionyeshe kwa mkono, babu,
miguu yake inaelekea wapi."

Babu.
Nikanyoosha kulia. Nikanyoosha kushoto.
Mstari wa nne mkono ukabaki hewani
kama wa trafiki aliyekimbiwa na magari.

Hakucheka. Nikamwambia: mwanangu,
njia ile naijua kwa makalio,
miaka thelathini na moja, kila shimo na jina lake,
mteremko naujua kwa harufu ya breki.
Akasema, kalamu haikusimama:
"Njia unaijua.
Mtoto anayevuka je?"

Leseni nikapewa. Chini ya picha pana neno moja
nisiloliona mpaka nilipolitii:
MIWANI.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni alama ya kidole changu
juu ya kioo chenyewe.
Cha pili ni Ussi,
utingo wangu, niliyemchukua hana hata kidevu cha kunyoa,
amekaa juu ya mifuko anamenya chungwa.
Ana mvi.
Asubuhi nimemwita "we mtoto".

Nikazunguka nyuma nitazame taa.
Pale juu ya bodi, kwa rangi nyekundu niliyoilipia mwenyewe,
niliagiza TUTAFIKA.
Fundi kaandika TUTAFIKWA.

Miaka kumi na moja!
Mkoani mpaka Konde, kwenda na kurudi,
nimepakia vyombo vya harusi, nimepakia mbao za jeneza,
na kila aliyenifuata nyuma kasoma.

"Ussi, hili ulikuwa ukiliona?"
"Kila siku."
"Mbona hukusema?"
Akatema kokwa.
"Kwa ulivyokuwa ukiendesha, mzee,
tulijua umeandika makusudi."

Nikachukua bisibisi nikwangue ile W.
Nikaitazama kwa karibu, kisha kwa mbali,
nikaijua: ni E tu, imelala chali.
Miguu juu, Bi Zuwena. Juu.
Hii nimeipata.

Nikaikwangua. Pakabaki pengo la bati tupu,
TUTAFIK  A,
tukaingia njiani.
Kufika Gombani Ussi akagonga paa la kibini,
mara mbili, kwa wahaka,
akiuliza gari lina ugonjwa gani
mbona linatembea.